Mkono Wangu Haunisikii

"Mwalimu, mkono wangu haunisikii."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri. Ana miaka minne na miezi michache. Mbele yake lilikuwapo daftari la mistari, na juu ya mstari wa kwanza nilikuwa nimemwandikia herufi a kwa nukta ili apitishe penseli juu yake. Penseli kaikamata kwa ngumi. Kucha zimepauka kwa kukaza, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo, na karatasi imetoboka pale mkia wa herufi ulipotakiwa kupinda. Alikuwa akiutazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.

Nikamjibu, "Jaribu tena, mwanangu. Polepole."

Akajaribu tena. Karatasi ikatoboka tena. Akauficha mkono chini ya meza, akaubana katikati ya magoti, akanyamaza.

Jibu langu lile ndilo lililoniondolea usingizi kwa wiki kadhaa. Mtoto alinieleza tatizo lake kwa usahihi ambao mtu mzima angeutafuta asiupate, nami nikamrudisha palepale alipokwama.

## Ndani ya mkono ule

Kwa miaka mingi nimefundisha nikiamini kwamba kuandika hujifunzwa kwa kuandika. Mtoto akikosea, mwongezee mistari. Penseli ikikaa vibaya, mpangie vidole: gumba hapa, cha shahada hapa, cha kati kiegemeze kwa chini. Nikigeuka tu, ngumi imerudi. Nilidhani ni usahaulifu, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nilidhani ni ukaidi.

Usiku ule nilijikumbusha mambo niliyosomeshwa chuoni nikayaacha hukohuko.

Mkono wa mtu mzima una mifupa 27 kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole. Minane kati yake ni mifupa midogo ya kifundo, imepangana kama kokoto kwenye kiganja kilichofumbwa. Mtoto anapozaliwa, yote minane bado ni gegedu, yaani tishu laini ambayo haijawa mfupa. Ukimpiga picha ya eksirei, pale kwenye kifundo unaona pengo, kana kwamba vidole vinaelea hewani. Miwili huanza kugeuka mfupa katika miezi ya mwanzo, mingine hufuata mwaka baada ya mwaka, na wa mwisho, mdogo kama punje, huanza baina ya miaka 8 na 12. Utaratibu huu haubahatishi, ndiyo maana daktari huweza kukadiria ukomavu wa mifupa ya mtoto kwa kuangalia picha ya mkono wake tu.

Sisemi kwamba gegedu ndiyo iliyomzuia binti yule kuandika. Kuna misuli, kuna mishipa ya fahamu, kuna ubongo unaojifunza kutuma amri ndogondogo kwa wakati wake. Lakini nilipoiwaza picha ile ya kifundo chenye mapengo, niliona aibu. Nilikuwa nikiudai mkono unaojengwa kazi ya mkono uliokwisha kujengwa.

Jambo jingine linalosahaulika: vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Shika kigasha chako, ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo, kwa mkono wa pili, kisha chezesha vidole. Utahisi nyama ya kigasha ikitembea. Huko ndiko nguvu iliko, na husafiri kwa kano hadi vidoleni. Iliyomo kiganjani ni misuli midogo, na ndiyo inayolainisha, inayopima, inayojua tofauti ya kushika ganda la yai na kushika jiwe.

Misuli hiyo haijengwi kwa kuhimizwa.

## "Umeangalia bega lake?"

Nina rafiki, mtaalamu wa tiba kazi, ambaye kila siku yumo na watoto wenye shida za mikono. Nikampigia simu. Nikamweleza ngumi, karatasi iliyotoboka, mkono uliofichwa. Nilitegemea anipe mazoezi ya vidole.

Akaniuliza, "Umeangalia bega lake?"

Sikuwa nimeliangalia. Sikuwa nimeangalia chochote zaidi ya zile sentimita chache kati ya ncha ya penseli na kidole gumba.

Kesho yake nikaangalia. Binti alikuwa amelalia meza, kichwa kimeegemea mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unaandika ukitokea begani, wote mzima, kama mtu anayepaka rangi ukutani. Mkono wa kushoto uliotakiwa kushikilia daftari ulikuwa umegeuzwa mto. Daftari likawa linacheza, ikabidi akandamize penseli ili lisiteleze. Na akikandamiza, linatoboka.

Mwili wa mtoto hukomaa kutoka katikati kwenda nje: kwanza shingo na kiwiliwili, kisha bega, kiwiko, kifundo, na mwisho kabisa ncha za vidole. Bega lisipotulia, vidole havina pa kuegemea. Kwa hiyo kupanda, kuning'inia, kutambaa chini ya meza, kusukuma boksi lililojaa, kukamua kitambaa chenye maji, yote hayo ni maandalizi ya herufi a. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watoto waache kupandapanda waje wakae waandike.

Ushikaji nao una ngazi zake. Mtoto wa mwaka mmoja na kitu hukamata kalamu ya rangi kwa ngumi. Akifika miaka miwili au mitatu huishika vidole vikielekea chini, kama anayeshika kijiko cha kukorogea. Karibu na miaka minne wengi hutumia vidole vitatu, ila kinachotembea bado ni mkono mzima. Vidole vyenyewe kuanza kuiendesha penseli huku mkono umetulia ni jambo la kati ya miaka minne na nusu na sita hivi. Hata maumbo yana zamu yake: duara kwa kawaida huja karibu na miaka mitatu, msalaba karibu na minne, mraba baadaye kidogo, na pembetatu yenye mistari yake ya mshazari huchelewa zaidi.

Nilimwomba binti anichoree msalaba. Akachora mstari mmoja, akasita, akachora mwingine pembeni yake. Msalaba haukuvuka.

Nami nilikuwa nimempa herufi.

## Kosa langu la pili

Nikafanya kile ambacho mwalimu yeyote mwenye bidii angefanya. Nikaandaa michezo.

Meza nne. Meza ya kwanza vibanio vya nguo, kila mtoto abane 10 kwenye ukingo wa boksi. Ya pili shanga, kila mtoto atunge 12. Ya tatu udongo wa kufinyanga, kila mtoto atengeneze vidonge 5 kwa ncha za vidole. Ya nne mkasi na vipande vya karatasi vyenye mstari wa kufuata. Dakika kumi kila meza, kengele ikilia mnahama. Nilikuwa na karatasi yenye majina yao yote na vijisanduku vya kuweka alama.

Nilijivunia sana karatasi ile.

Siku ya tatu, binti yuleyule akiwa kwenye meza ya vibanio, kabana vinne na vidole vinamtetemeka, akainua macho akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, tukimaliza hivi tutaenda kucheza?"

Sikuweza kumjibu papo hapo. Nilizunguka darasa zima nikijifanya nakagua meza nyingine.

Swali lile lilinichanganya kuliko la mkono. Vifaa vilikuwa sahihi. Kila meza ilikuwa na sababu yake na ningeweza kuitetea mbele ya mkaguzi yeyote. Lakini mtoto wa miaka minne hadanganyiki. Alijua kwamba kibanio kile ni penseli iliyobadilishwa nguo.

## Waliotutangulia kukwama hapa

Nilipata faraja kidogo nilipogundua kwamba tatizo hili ni la zamani. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg na baadaye kuiita bustani ya watoto, aliweka mikono katikati ya elimu. Aliwapa watoto mipira ya uzi, vipande vya mbao, karatasi za kukunja na kusuka, udongo. Kwake mchezo ulikuwa jambo zito, pengine zito kuliko yote anayoyafanya mtoto.

Baada yake wafuasi wakaja na taratibu. Mikunjo ikapewa mpangilio, karatasi za kutoboa kwa sindano zikapewa nukta, watoto wakakaa wakifuata hatua moja baada ya nyingine. Miaka ya 1890 nchini Marekani, watu kama mwanasaikolojia G. Stanley Hall walilalamika kwamba kazi zile za vitundu na vinyuzi zilikuwa ndogo mno kwa watoto wale, huku misuli mikubwa ikiachwa bila kazi.

Niliposoma hayo, niliiona karatasi yangu yenye vijisanduku.

Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano, naye alinichanganya kwa namna nyingine. Alifungua nyumba yake ya watoto jijini Roma tarehe 6 Januari 1907. Vifaa vyake vingi ni maandalizi ya mkono: silinda za mbao zenye vishikio vidogo ambavyo mtoto lazima avishike kwa vidole vitatu, fremu za kufunga vifungo na kamba, herufi za msasa zinazopapaswa kwa kidole kabla ya penseli. Lakini mwenyewe alipendelea kuiita shughuli hiyo kazi. Na watoto waliifanya kwa kurudiarudia, bila kushurutishwa, mpaka waridhike wenyewe.

Basi jina pekee halitoshi kutofautisha. Kuna kazi ambayo mtoto haiachi, na kuna mchezo ambao anauliza utaisha lini.

Nilikaa na wazo hilo siku nyingi. Nilipopafikia ni hapa: nani ameshika kusudi la ile shughuli? Kwenye meza zangu nne kusudi lilikuwa langu. Mtoto alikopeshwa vidole vyake vifanye jambo nililolitaka mimi, na hata idadi nilishampangia. Mkono unaotimiza haja ya mwenzake huchoka upesi, wa mtoto na wa mtu mzima.

## Nungunungu

Nikazifuta alama, kengele nikaiweka kabatini. Vifaa vikabaki, ila nikavimwaga kwenye mikeka na rafu za chini ambako wanafika wenyewe.

Siku mbili za kwanza zilikuwa fujo. Vibanio vilirushwa. Maji yalimwagika. Nilitamani kengele yangu.

Siku ya tatu mtoto mmoja alibana vibanio viwili kwenye boksi, akalitazama, akasema, "Huyu nungunungu." Hakuna aliyemwambia. Dakika chache baadaye walikuwa watano, wanamwotesha nungunungu miiba kila upande, wanagombea vibanio, wanaenda kuvinyofoa kwingine. Boksi lilipojaa mgongoni wakaanza tumboni, na kwa kuwa tumbo liko chini, ikabidi wajilaze na kubana huku mikono imeinuka. Niliihesabu miiba walipokwenda kunawa. Ilikuwa 43.

Nami nilikuwa nimeomba kumi.

Binti alikuwa mmoja wa wale watano. Mwanzoni alikifungua kibanio kwa mikono miwili, ngumi juu ya ngumi. Baadaye akagundua kwamba kwa mikono miwili hawezi kulishikilia boksi, na nungunungu anakimbia. Akajaribu kwa mmoja. Kwanza vidole vyote vitano, kisha gumba na vile viwili vya mwanzo, kile cha pete na cha mwisho vikikunjika kiganjani ili visimsumbue. Ndio ushikaji niliokuwa nikimpangia kwa mkono wangu miezi yote ile. Boksi lililokuwa likiteleza limemfundisha kwa robo saa.

Kutunga shanga nako, ukikutazama kwa karibu, ni jambo kubwa. Mkono mmoja hutuliza tundu lisiyumbe. Wa pili huleta uzi. Uzi ukishaingia, mkono ulioleta lazima uachie na kwenda kuupokea upande wa pili, na kwa nukta moja hakuna mkono ulioushika uzi. Hapo ndipo shanga nyingi hudondoka. Mtoto anaokota, anaanza upya. Kila mkono una wajibu wake na lazima uuamini mwenzake. Kushika karatasi kwa kushoto ukiandika kwa kulia, kuigeuza karatasi huku mkasi unakata, kuvalisha kifungo kwenye tundu lake, kote ni mgawanyo uleule.

Mambo machache zaidi, maana wazazi huniuliza. Kalamu za rangi zilizovunjika msizitupe. Kipande kifupi hakina nafasi ya ngumi, vidole vinalazimika kuja mbele. Bandikeni karatasi ukutani, usawa wa macho ya mtoto, achore akiwa amesimama. Kifundo hukunjuka chenyewe na bega hufanya kazi. Mwenye kutumia mkono wa kushoto aachwe na kushoto kwake, na atafutiwe mkasi unaomfaa.

Na hili nalisisitiza kuliko yote: shanga, vifungo na vitu vya aina hiyo si vya mtoto aliye chini ya miaka mitatu, wala si vya mkubwa ambaye bado anapeleka kila kitu mdomoni. Kinachoweza kupita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Betri zile bapa kama kitufe na sumaku ndogo zisiwepo kabisa penye watoto. Hata wenye miaka minne wakicheza na vitu vidogo, mtu mzima awe pale, macho yake yawe pale.

## Daftari tupu

Mama yake alikuja siku ya Ijumaa, baada ya watoto wote kuondoka. Alilishika daftari kwa mikono miwili.

"Mwalimu, naomba uniambie ukweli. Daftari la mwanangu ni tupu. Watoto wa jirani wanaandika majina yao. Ana tatizo?"

Sikuwa na haki ya kumkasirikia. Miezi miwili nyuma mimi mwenyewe nilikuwa na hofu ileile. Nikavuta kiti kidogo cha watoto akae, nikampa penseli. "Mama, niandikie jina lake kwa mkono wa kushoto."

Akacheka, akaanza. Herufi ya pili kucheka kukaisha. Bega likapanda, pumzi ikakatika, akaikaza penseli mpaka kucha zake zikapauka. Alipomaliza alilitazama jina lile lililoyumba, akautazama mkono.

"Kumbe," akasema.

Kisha baada ya kimya, "Lakini darasa la kwanza hawatamsubiri."

Hapo sikuwa na jibu la kumtuliza, wala sikumtungia. Nilimwambia ninachokiamini. Mchezo hauwezi kumfundisha herufi. Herufi zina pa kuanzia na pa kuishia, na mtoto lazima aonyeshwe na mtu anayezijua. Mkono wake ukiwa tayari nitakaa naye na penseli, na sitachelewa. Nilimwambia pia kwamba namfuatilia kwa makini, kwa sababu wapo watoto ambao mchezo peke yake hauwatoshi: anayepoteza uwezo aliokuwa nao, asiyetumia kabisa mkono mmoja, aliyeonyesha kuupendelea mno mkono mmoja kabla hajafikisha mwaka na nusu, anayekwepa kila kitu cha mikono hata kile anachokipenda. Hao waonwe na mtaalamu mapema, bila kusubiri watakua wataacha. Binti yake simwoni miongoni mwao. Nikiona dalili nitamwita siku hiyohiyo.

Aliondoka na daftari. Sijui kama aliridhika. Jumatatu binti alikuja na mfuko wa vifungo vikubwavikubwa vya nguo za zamani. "Mama kasema niweke kwa nungunungu."

## Jana

Kona ya wanasesere imegeuzwa hospitali. Mwanasesere mmoja kavunjika mguu, ndivyo nilivyoambiwa mlangoni, na hali yake si nzuri. Binti alikuwa amepiga magoti. Kitambaa alikuwa amekipasua mwenyewe kwa meno na vidole, anakizungusha mguuni, mkono mmoja unavuta, wa pili unabana usilegee. Alipofika mwisho akachukua kibanio, akakifungua kwa gumba na shahada, akakibana penyewe hasa, pale vipande viwili vinapokutana.

Hakuwa anautazama mkono wake. Alikuwa anautazama uso wa mgonjwa. "Vumilia," alikuwa akimwambia, "vumilia kidogo tu, tunamaliza."

Nilikuwa nimesimama na kalamu na karatasi. Nilikusudia kuandika kitu kuhusu ushikaji wake.

"Mwalimu," akaniita bila kuinua kichwa, "njoo unishikie mguu huu. Mikono yangu ina kazi."

Nikaweka kalamu chini, nikaushika.